Ng'ombe Ndani ya Friza ya Serikali

Wubalem aliporudi kutoka nyanda za chini, kitu cha kwanza kumlaki kilikuwa ulimi wa ng'ombe dume. Ulikuwa mrefu kama soksi ya mwanajeshi, umeganda, umepinda kwa juu kama unaomba maji, na umelala kwenye trei ya tatu ya friza ya maabara, palepale alipoacha vichupa mia moja arobaini na vinne vya makamasi ya mbuzi.

Alifunga mlango. Akaufungua tena, kama mtu anayempa shetani nafasi ya kusahihisha kazi yake. Ulimi ulikuwepo. Trei ya kwanza ilikuwa na mbavu, zimepangwa vizuri kama vitabu. Trei ya pili ilijaa utumbo ambao hakuna aliyejisumbua kuuosha. Majani ya mlo wa mwisho wa marehemu yalikuwa yameganda yakiwa bado ya kijani. Chini kabisa, kwato nne na nundu. Damu ilikuwa imechuruzika kwenye ukuta wa ndani na kuganda juu ya kibandiko kilichosema kwamba chombo hiki kimenunuliwa kwa kodi ya wananchi.

Mkononi alikuwa ameshika sanduku la barafu lenye vichupa vipya vya safari hii, na barafu yenyewe ilishaanza kuwa maji. Siku nne alikuwa ameshinda akiwashika mbuzi vichwa na kuwaingiza vijiti vya pamba puani. Alinuka beberu. Pamoja na hayo, kilichomtia kichefuchefu kilikuwa mbele yake.

"Umerudi, mwanangu?" Etete Yeshi alikuwa amesimama mlangoni na kitambaa chake begani. Mama huyu ndiye aliyeendesha kantini ya kituo hiki cha utafiti wa mifugo, na mambo mengine yote ya kituo yasiyohitaji digrii. "Mbona umekonda? Hao wafugaji hawakukupa hata maziwa?"

"Tuko kwenye mfungo, Etete."

"Ah, kweli. Mungu akuzidishie."

"Etete, nani ameingiza ng'ombe kwenye friza?"

"Sisi. Wote. Na wewe umo, usiwe na wasiwasi. Fungu lako ni la paja."

Hapo Wubalem akaelewa. Kila mwaka wafanyakazi wa kituo walifanya kircha: wanachanga, wananunua ng'ombe mmoja, wanamchinja Jumamosi ya kuamkia Pasaka, wanagawana mafungu kwa kura, na kila mtu anakwenda nyumbani kumaliza siku hamsini na tano za dengu na maharage. Lakini wiki ya mwisho bei ya ng'ombe hupanda kama imeumwa na nyuki. Mwaka huu mtu mmoja mwenye akili nyingi alikuwa amesema: kwa nini tusimchinje mapema, na tuna friza ya nyuzi themanini chini ya sifuri inayoweza kutunza nyama hadi siku ya kiyama?

"Na vichupa vyangu?"

"Viko salama kabisa. Viko kantini."

Wubalem alikwenda kantini akitembea haraka, Etete Yeshi akimfuata kwa kandambili. Mezani alikuwepo Gashe Kedir, dereva aliyemrudisha, Mwislamu ambaye mfungo wa Pasaka haukumhusu, ila njaa ya safari ilimhusu sana. Alikuwa ameshamega injera, ule mkate mwembamba wa unga uliochachushwa, na kuichovya kwenye shiro, mchuzi mzito wa dengu.

Friji ya kantini ilikuwa ya kawaida, ya mlango mmoja, yenye picha ya soda ubavuni. Kwenye rafu ya juu kulikuwa na beseni jekundu la plastiki, na ndani ya beseni vichupa vyote mia moja arobaini na vinne, vimelala hovyo kama njugu. Maandishi ya kalamu yalikuwa yamelowa na kuanza kuvuja. Vifuniko vitatu havikuwepo. Kwenye rafu ya chini yake kulikuwa na sufuria ya dengu, wazi.

"Ungeweka nyama humu na kuviacha vichupa kule," Wubalem alisema. Sauti yake ilikuwa imetulia kwa namna iliyomfanya Gashe Kedir aache kutafuna.

"Niweke nyama juu ya dengu?" Etete Yeshi alishika kifua. "Hiki ni chakula cha mfungo, mtoto wewe. Damu ikidondoka tone moja, watu sitini wamevunja mfungo bila kujua, na dhambi yote inashukia kichwa hiki hapa. Hapana. Nilimuuliza mkurugenzi kabisa, Daktari mwenyewe. Akasema makamasi si nyama, si maziwa, si siagi, si yai. Kanisa halijakataza makamasi."

"Vifuniko viko wapi?"

"Vilidondoka. Kichupa kimoja kikamwagika chini juzi. Nikapafuta."

"Ukapafuta kwa kitu gani?"

Etete Yeshi akashusha kitambaa cha begani na kumwonyesha, bila hila yoyote. Ndicho alichofutia sinia za injera.

Gashe Kedir alirudisha tonge lake kwenye sinia polepole sana, kama mtu anayeweka chini bomu.

"Haiwadhuru watu," Wubalem alimwambia. "Kijidudu hiki ni cha mbuzi tu."

"Nashukuru," alisema Gashe Kedir. "Lakini makamasi yakifuata sheria zote bado ni makamasi." Akaenda nje kusukutua.

Wubalem hakucheka. Alikuwa anatafuta vichupa ishirini na viwili vyenye uzi wa bluu. Alivipata, kimoja kimoja, na vyote vilikuwa maji. Alivishika kwenye kiganja na kusikia joto la mkono wake likiviingia.

Hivi vilikuwa vya Darmi. Darmi Boru alikuwa mjane wa Kiborana aliyekuwa na mbuzi tisini na sasa hana. Homa ya mapafu ilikuwa imepita zizini kwake kama ufagio, na cha ajabu ni kwamba mbuzi wale walikuwa wamechanjwa. Chanjo yenyewe ilitokana na friza hiyohiyo. Zamani sampuli zilipelekwa mji mkuu kwa basi, siku mbili njiani, zikafika zikiwa supu, na mbuzi wa wafugaji wakaishia kuchanjwa kwa dawa iliyotengenezwa kwa kijidudu cha nchi nyingine. Kisha serikali ikanunua friza, ikanunua na jenereta ya kuilinda umeme ukikatika, ikajenga nyumba ya kutengenezea chanjo kule mji mkuu. Kwa mara ya kwanza kijidudu cha hapa kikatunzwa hai, na kutokana nacho ikapatikana chanjo iliyookoa mbuzi tisa kati ya kumi, wilaya tatu mfululizo. Ila kwa Darmi haikufua dafu. Zizi lake lilikuwa na kijidudu kilichobadilika, ambacho chanjo haikukijua. Bila kukipata hicho, ugonjwa ungeshuka bondeni zizi kwa zizi. Wubalem alikuwa amekichukua kwenye pua za mbuzi ishirini na wawili wa mwisho, wakiwa wanakufa, Darmi mwenyewe akiwashika vichwa. Gari la mji mkuu lilikuwa lije kuvichukua baada ya sikukuu.

Aliviweka kwenye sanduku la barafu na kwenda kwa mkurugenzi.

Daktari Assegid alikuwa ametoka kanisani, bado amejifunika shuka lake jeupe, ana uso wa mtu mwema mwenye njaa. Nyuma yake ukutani ilining'inia picha yake akikata utepe mbele ya friza. Katika picha friza ilikuwa tupu.

"Najua umekuja kulalamika," alisema. "Kaa. Wewe ni kijana, unaona ulimi, unashtuka. Mimi naona picha kubwa. Friza ile ina lita mia saba. Wewe ulikuwa unatumia robo."

"Zilizobaki ni kwa ajili ya sampuli zinazokuja."

"Zinazokuja. Wizara haiulizi zinazokuja. Kila miezi mitatu naletewa fomu: chombo kinatumika kwa kiasi gani? Miaka mitatu naandika asilimia ishirini na tano, najisikia aibu kama mtu aliyenunuliwa suti akavaa mkono mmoja. Mwezi huu naandika mia."

"Utaandika kimetumika kwa kazi gani, Daktari?"

"Fomu haina hilo swali. Inauliza kiasi."

Wubalem alimtazama ili aone kama anatania. Hakuwa anatania. Alikuwa na furaha ya kweli, ile ya mwanafunzi aliyepata mia kwa kunakili.

"Vichupa vya Darmi vimeyeyuka," alisema. "Vikifa, hakuna pengine pa kuvipata. Mbuzi wale wamekwisha."

"Friji ya kantini nayo ina baridi."

"Ina baridi ya soda."

"Jumamosi jioni tunatoa nyama, Jumapili friza ni yako. Siku tano. Wubalem, watu wamefunga siku hamsini, wewe huwezi kuvumilia tano? Hii ni wiki ya toba."

Alitoka bila kuaga, jambo ambalo kwa mkubwa halifanywi. Kwenye korido alisimama mbele ya friza na ile harufu ndogo ya shahamu iliyokuwa inatoka kwenye mpira wa mlango. Hakuwa na nguvu ya kumtoa ng'ombe mzima peke yake. Lakini alikuwa na daftari la friza, na kalamu nene, na gundi.

Aliandika polepole, kwa herufi kubwa, kama mwalimu wa darasa la kwanza. Hakutia chumvi hata chembe. Daftari lenyewe lilitosha. Trei ya mbavu, aliandika, kwa miezi kumi na minne ilitunza usaha wa majipu ya ng'ombe. Trei ya utumbo ilitunza makondo ya mbuzi walioharibu mimba. Trei ya ulimi, makamasi, miaka mitatu. Trei ya kushoto, yenye ile nyama laini iliyotengwa ya kuliwa mbichi Jumapili kama ilivyo desturi ya Pasaka, ilitunza kinyesi cha ndama wanaoharisha damu. Chini kabisa akaongeza: trei huoshwa mara moja kwa mwaka, tukikumbuka. Akabandika karatasi kwenye mlango, jina lake na saini.

Hadi saa sita mchana kulikuwa na foleni. Watu walisoma, wakarudi nyuma kidogo, wakasoma tena. Mhasibu, ambaye alikuwa ameomba fungu lake liwe lote la kuliwa mbichi na ameshalisimulia kwa wakwe zake, aliweka mkono ukutani na kubaki hivyo. Mwingine aliuliza kama ukipika sana inakuwaje. Etete Yeshi alikaa kwenye ngazi, kaziba mdomo kwa ncha ya shali.

"Wewe mtoto," alisema alipopata pumzi. "Ungenyamaza tu, tungekula salama."

"Na mngerudi mwakani na ng'ombe wawili."

"Tungerudi," Etete Yeshi alikiri.

Daktari Assegid alikuja, akaisoma karatasi hadi kwenye saini, akaikunja mikono yake ndani ya shuka. Watu wakasubiri. Ndipo akasema maneno ambayo Wubalem aliyakumbuka kwa muda mrefu kuliko ulimi.

"Basi tuipeleke gerezani. Iwe sadaka ya kituo. Tutachapisha bango la kitambaa, tupige na picha. Wafungwa hawachagui."

Baadhi ya watu walitikisa vichwa kukubali, tena kwa unafuu, kama walioondolewa mzigo. Walewale waliokuwa wameziba midomo dakika moja kabla. Wubalem aliwatazama mmoja mmoja. Wanasayansi watatu, mhasibu, mama wa kantini, mkurugenzi mwenye shahada kutoka ng'ambo. Wote wamefunga, wote hawajagusa hata yai, safi kama maji ya kisima.

"Gundi bado ninayo," alisema. "Geti la gereza nalo lina nafasi ya karatasi."

"Unanitisha?"

"Ninakupa taarifa, Daktari. Andika kwenye fomu."

Hakuna aliyecheka, ila Gashe Kedir aligeuka akaangalia dirishani muda mrefu sana.

Nyama ilizikwa mchana uleule, kwenye shimo la mizoga nyuma ya mabanda. Shimo halikuchimbwa kina cha kutosha kwa sababu wachimbaji walikuwa na njaa, na asubuhi ilikutwa kwato moja tu na alama za kucha. Fisi wa mji ule hawafungi. Wubalem aliisugua friza kwa dawa hadi ngozi ya vidole ikambambuka, akarudisha vichupa, na Jumapili watu walisherehekea Pasaka kwa kuku na hasira.

Baada ya sikukuu alianza kuotesha. Kijidudu hiki kikiwa hai, ukikiweka kwenye chakula chake ndani ya sahani ya kioo, baada ya siku kumi hivi unaona chini ya darubini vidoa vidogo mfano wa yai la kukaanga. Siku ya kumi vichupa ishirini na viwili vya Darmi havikuonyesha kitu. Siku ya kumi na tano, sahani kumi na tisa zilikuwa tupu kabisa. Tatu, zile za vichupa visivyo na vifuniko, zilikuwa zimejaa utando mweupe unaonuka uchachu. Wubalem alizitazama kwa darubini akiwa na matumaini, kisha akatambua anachokiona. Kilichoota kilikuwa chachu ya injera.

Gari la mji mkuu lilikuja, likaambiwa hakuna kitu, likaondoka. Kesho yake Daktari Assegid alipita na karatasi mkononi, amechangamka. Wizara ilikuwa imepokea fomu, ikakipongeza kituo kwa kutumia chombo kwa asilimia mia, na ikakiingiza kwenye orodha ya watakaopewa friza ya pili.

"Unaona?" alimwambia. "Picha kubwa."

Wubalem alimwomba Gashe Kedir ampeleke nyanda za chini.

Darmi Boru alikuwa ameketi nje ya nyumba yake anasuka kibuyu cha maziwa. Zizi nyuma yake lilikuwa kimya, miiba yake imeanza kuanguka. Aliwakaribisha, akamimina chai, akangoja vikombe viishe ndipo akauliza.

"Binti, dawa imefika?"

"Haijafika, mama. Nimekuja kukuambia kwa nini."

Akamwambia yote. Gashe Kedir, aliyejua Kiborana vizuri kuliko yeye, alimsaidia pale alipokwama, na alipofika kwenye dengu akapunguza sauti. Darmi aliendelea kusuka. Wubalem alipomaliza, mama yule alitema mate pembeni, mbali na chai.

"Ng'ombe alikuwa mnono?"

"Sijui, mama. Fisi ndio wanajua."

"Hilo sanduku la baridi ni la nani?"

"La serikali."

"Na serikali ilipata wapi?"

"Kwenye kodi. Kila mbuzi uliyemuuza sokoni, kuna kilichokatwa."

"Nakifahamu ninachokatwa." Darmi alifikiri. "Kwa hiyo nina mguu wangu kwenye sanduku hilo."

"Unao."

"Na juu ya mguu wangu wakaning'iniza utumbo wenye mavi."

Wubalem alisogeza kikombe kitupu kando. Alikuwa amejiandaa kutukanwa, na alitamani atukanwe.

"Mbuzi wangu hawakwisha wote," Darmi alisema, akirudi kwenye kibuyu chake. "Zizini ndiyo, walikwisha. Lakini dada yangu alipofiwa na mumewe nilimwazima majike wawili akamue, awarudishe akisimama. Ndivyo tunavyofanya. Ninyi mliniuliza zizi lina wangapi. Hamkuniuliza nimewaazima wangapi."

"Wako wapi?"

"Mwendo wa nusu siku kwa miguu. Alileta habari juzi. Wote wawili wanakohoa."

Wubalem alikuwa ameshasimama. Gashe Kedir naye, anatafuta funguo.

"Kaeni kwanza," Darmi alisema. "Nitawaonyesha, na wewe utawaingiza vijiti vyako puani. Lakini safari hii makamasi hayaondoki peke yake. Nayapeleka mwenyewe hadi nione yanapolala." Aliingia ndani, akachakura, akatoka na kufuli kubwa la sanduku la nguo lenye funguo mbili kwenye kamba.

Walifika kituoni kesho yake adhuhuri, Darmi kiti cha mbele na sanduku la barafu mapajani, analishika kama mtoto mchanga. Alipita kantini bila kugeuka, ingawa Etete Yeshi alitoka kumkaribisha kahawa. Mbele ya friza aliomba ifunguliwe. Aliinama akanusa ndani, trei kwa trei, uso umekunjamana. Wubalem akaweka vichupa. Darmi akavipanga upya vikae sawa, akafunga mlango, akapitisha kufuli lake kwenye komeo, akalibana. Ufunguo mmoja alimpa Wubalem. Wa pili akauvaa shingoni, katikati ya shanga.

Daktari Assegid alitokea mwisho wa korido, tabasamu limetangulia, mkono ameunyosha tayari. Alisema kituo kinajivunia kutembelewa na mfugaji, na kwamba wangepiga picha pale mbele ya friza.

Darmi aliutazama ule mkono. Kisha akamgeukia Gashe Kedir.

"Mwambie akaunawe kwanza."